Sumu Inayomaliziwa Ndani ya Seli

Msikilizaji, nianze na kidonge ambacho wengi tunakijua. Dawa ya kufubaza makali ya VVU inayotumika zaidi siku hizi, ile inayoitwa TLD, ina dawa tatu ndani yake. Mbili kati ya hizo, tenofoviri na lamivudini, zimeundwa zifanane na vipande ambavyo mwili hutumia kujengea DNA. Vipande hivyo huitwa nukleotidi. Kwa hiyo anayemeza kidonge hicho kila usiku anameza vipande vya bandia, na pengine hajawahi kuambiwa kwamba ukoo wa dawa hizo haukuanzia kwenye VVU. Ulianzia kwenye lukemia, yaani saratani ya damu, miaka 30 hivi kabla UKIMWI haujapata jina.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya habari zinazozunguka kwenye simu zetu kila baada ya muda: watafiti wa mahali fulani wamepata kitu kinachoua seli za saratani ya damu maabara. Mara ni kemikali mpya, mara ni jani, mara ni mafuta ya mbegu. Habari yenyewe mara nyingi ni ya kweli, ila haina uzito. Jiki nayo inaua seli za lukemia maabara. Maji ya moto yanaziua. Ukiongeza chumvi kwenye kisahani zitakufa zote kabla hujamaliza chai. Mtu anayefanya utafiti huu kwa dhati hahangaiki sana na kwamba seli imekufa. Anachotaka kujua ni kile seli ilichoifanyia dawa kabla ya kufa, na kwa nini seli ya jirani, iliyopewa dawa ileile, imebaki hai.

Tuielewe kwanza hila yenyewe. DNA ni uzi mrefu wa vipande vya aina nne, na seli kabla ya kugawanyika lazima iunakili uzi wote, jozi zipatazo bilioni 6. Mchukulie mtu anayetunga shanga. Kila ushanga una matundu mawili, moja unapoingia uzi na jingine unapotokea. Sasa mchanganyie kwenye bakuli ushanga wenye rangi ileile na ukubwa uleule, lakini tundu la pili halikutobolewa. Ataushika, ataupitisha, na hapo kazi itasimama; ushanga unaofuata hauna pa kushikia. Dawa nyingi za ukoo huu hufanya kitu cha namna hiyo. Nyingine hazizibi tundu kabisa, zinalipinda tu, na kila ushanga unaofuata unaingia kwa shida. Katika lukemia uboho wa mifupa unamwaga seli nyeupe changa ambazo hazikomai wala hazikomi kugawanyika, kwa hiyo utungaji huo unaendelea usiku na mchana, na anayetunga sana ndiye anayekutana sana na ushanga mbovu.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi, hata wenye elimu yao, hawalijui. Nukleotidi kamili imebeba fosfeti, na fosfeti ina chaji ya umeme. Kitu chenye chaji hakipenyi kirahisi utando wa seli. Ukimpa mgonjwa nukleotidi ya bandia iliyokamilika, itaishia kuzunguka nje. Kwa hiyo dawa kwa kawaida hupewa ikiwa pungufu, bila fosfeti, na seli yenyewe, kwa vimeng'enya vyake, ndiyo inayoibandika fosfeti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Muuguzi anatundika dripu yenye malighafi. Sumu inamaliziwa kutengenezwa ndani ya seli ya saratani.

Hapa ndipo ilipo raha ya utafiti huu, na shida yake yote pia.

Chukua dawa iitwayo sitarabini. Asili yake ni sifongo wa baharini. Mwaka 1945, mkemia Werner Bergmann wa Chuo Kikuu cha Yale alipata sifongo kutoka maji ya kina kifupi karibu na Elliott Key, Florida. Hakuwa akitafuta dawa ya saratani hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuchunguza mafuta ya viumbe vya baharini. Akakuta fuwele ambazo hakuzitarajia. Mwaka 1950 na 1951, yeye na Robert Feeney walieleza kwamba fuwele hizo ni nukleosidi, yaani nukleotidi isiyo na fosfeti, lakini sukari yake si ile inayojulikana. Nukleosidi zote zilizokuwa zimejulikana kwa viumbe zilikuwa na sukari ya ribosi au deoksiribosi. Hizi zilikuwa na arabinosi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: kikundi kimoja cha oksijeni na hidrojeni kimeelekea juu pale ambapo kwenye ribosi kinaelekea chini.

Kisha mwaka 1959 wanakemia watatu wa Berkeley, California, walitengeneza sitarabini yenyewe, ambayo haikutoka ndani ya sifongo bali iliundwa kwa kufuata wazo la sifongo. Mwaka 1969 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, matibabu ya lukemia kali ya aina ya mieloidi, ambayo madaktari huiita AML, yamesimama juu ya dawa hiyo: siku 7 za sitarabini kwa dripu isiyokatika, pamoja na siku 3 za dawa nyingine ya jamii ya daunorubisini. Zaidi ya nusu karne imepita, na mgonjwa wa AML mwenye nguvu za kuhimili bado anaanzia hapo.

Kwa nini dripu isikatike siku 7? Kwa sababu ini na damu vina kimeng'enya kinachoigeuza sitarabini kuwa kitu kisicho na madhara kwa saratani, na kinafanya hivyo kwa dakika, si kwa siku. Ukimchoma mgonjwa sindano moja kubwa asubuhi, jioni dawa imekwisha. Kwenye maji ya uti wa mgongo kimeng'enya hicho ni kidogo, ndiyo maana dawa hiyohiyo ikipewa kwa sindano ya mgongo hukaa muda mrefu zaidi. Kisahani cha maabara hakina ini. Ukiweka dawa Jumatatu, Alhamisi bado ipo. Tayari hapo umeona jinsi matokeo ya kisahani yanavyoweza kuipendelea dawa.

Sasa fosfeti ya kwanza. Kimeng'enya kinachoibandika kwenye sitarabini kinaitwa deoksisitidini kinasi, na ndicho kinachoamua kasi ya kazi yote. Watafiti walizilea seli za lukemia kwenye dozi ndogo ya sitarabini, wakaipandisha kidogokidogo mpaka wakapata seli zinazoishi humo bila wasiwasi. Walipozichunguza, mara nyingi walikuta seli zimepoteza kimeng'enya hicho. Dawa inaingia, inakaa, na haina wa kuimalizia. Seli haikujenga silaha yoyote; imeacha tu kufanya kazi iliyokuwa ikijiua nayo. Kwangu mimi, jaribio hilo moja linaeleza zaidi kuliko habari mia za dawa inayoua saratani.

Pengine msikilizaji unajiuliza majaribio haya yanafanywaje. Kwa macho hayavutii. Ni sahani ya plastiki yenye vijishimo 96, kila kimoja kina maji ya rangi ya waridi na maelfu ya seli. Sahani inawekwa kwenye kabati lenye nyuzijoto 37 na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, mazingira yanayokaribia ya mwilini. Kila safu ya vijishimo inapewa dozi tofauti. Baada ya saa 72, mara nyingi, inawekwa rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau, na mashine inasoma ukali wa rangi. Kutoka hapo unapatikana mchoro, na kwenye mchoro dozi inayopunguza seli kwa nusu. Namba hiyo ndiyo inayopambwa kwenye vichwa vya habari.

Namba hiyo ina mitego. Zambarau ikipungua, seli zinaweza kuwa zimekufa, au zimeacha tu kugawanyika na kesho dawa ikiondolewa zitaendelea kama kawaida. Mtafiti mwangalifu atapima tena kwa njia nyingine. Mtego mwingine unaniudhi zaidi kwa sababu unaonekana mara kwa mara. Ili kuonyesha kwamba dawa haiwadhuru wazima, mtafiti huchukua seli nyeupe kutoka kwenye damu ya mtu mwenye afya na kuzipa dozi ileile. Zinabaki hai, na anaandika kwamba dawa yake huchagua saratani peke yake. Lakini seli nyeupe zinazozunguka kwenye damu nyingi zimepumzika, hazigawanyiki, hazitungi kitu. Ushanga mbovu utaziumizaje? Zingepaswa kulinganishwa na seli changa za uboho, ambazo hugawanyika kwa kasi na ndizo zinazoteseka mgonjwa anapopewa kemo. Muulize mzazi yeyote aliyekaa wodini akisubiri majibu ya kipimo cha damu cha FBP. Atakuambia dawa hizi zinavyoshusha damu mpaka mtoto aongezewe.

Na seli zenyewe ni za nani? Nyingi ni koo za seli zilizotolewa kwa mgonjwa mmoja miongo mingi iliyopita na kuendelea kugawanyika maabara hadi leo. HL-60, inayotumika mno kwa utafiti wa AML, ilianzishwa mwaka 1977 katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kutoka kwa mwanamke mmoja mgonjwa. K562 ilitoka kwa mgonjwa mwingine mwenye lukemia sugu iliyokuwa imelipuka. CCRF-CEM ilianzia Boston kwa mtoto, miaka ya 1960. Seli hizi zimeshakaa kwenye plastiki muda mrefu kuliko zilivyowahi kukaa kwenye mwili wa binadamu, na zimebadilika. Zinagawanyika haraka, kwa hiyo zinaikuta dawa haraka. Ndani ya mgonjwa halisi zipo seli za lukemia zinazolala kwenye uboho kwa muda mrefu bila kugawanyika. Hizo sitarabini inazipita, na ndizo zinazoshukiwa kuurudisha ugonjwa.

Kando kidogo. Afrika Mashariki imo kwenye makabati hayo ya joto. Ukoo wa seli uitwao Daudi, unaotumika duniani kote, ulianzishwa mwaka 1967 kutoka kwa kijana wa Kenya mwenye saratani ya Burkitt, ambayo ni ya tezi na ni ndugu wa lukemia. Namalwa ni ukoo mwingine, kutoka kwa mtoto wa Afrika Mashariki. Zama hizo kuomba ridhaa kwa maandishi kama inavyofanyika leo hakukuwa desturi. Unapokuta jina la Kiswahili kwenye jedwali la matokeo ya Stockholm au Tokyo, ujue limefikaje huko.

Turudi kwenye dawa. Mwenye kustahili kutajwa kabla ya wote ni Gertrude Elion. Aliajiriwa na George Hitchings mwaka 1944 katika kampuni ya Burroughs Wellcome, huko Tuckahoe, New York. Hakuwa na shahada ya uzamivu wakati huo, na hakuja kuimaliza. Wazo la Hitchings lilikuwa rahisi na la kijasiri, maana umbo la DNA lilikuwa bado halijulikani: seli inayokua kwa kasi inahitaji malighafi nyingi za DNA, basi tuipe malighafi mbovu. Vipimo vya kwanza havikufanywa hata kwenye seli za binadamu. Walitumia bakteria wa jamii inayochachusha maziwa, wakaangalia ni kemikali gani inawazuia kukua. Kutoka huko ikaja merkaptopurini, ikaruhusiwa mwaka 1953, wakati ambapo watoto wengi wenye lukemia kali walifariki ndani ya miezi michache. Peke yake haikuwaponya. Iliwapa nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Ilipochanganywa na dawa nyingine kwa utaratibu wa miaka, ndipo mambo yalipobadilika. Leo mtoto mwenye lukemia ya aina ya ALL, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, akishavuka awamu kali za mwanzo humeza vidonge vya merkaptopurini kila siku kwa mwaka na zaidi.

Kwa mzazi wa mtoto wa namna hiyo nina neno moja la haraka. Merkaptopurini huvunjwa na kimeng'enya ambacho alopurinoli, dawa ya jongo, hukizuia. Elion na wenzake waliitafuta alopurinoli kwa sababu hiyohiyo, wakitaka merkaptopurini isiishe haraka, na jongo likaja baadaye. Zikikutana bila daktari kupunguza dozi, merkaptopurini hujaa mwilini na uboho ukasimama. Vilevile wapo wanaorithi kimeng'enya dhaifu kiitwacho TPMT, na kwao dozi ya kawaida ni dozi kubwa mno. Ndiyo sababu daktari akiangalia FBP anaweza kukuambia upunguze vidonge wiki hii. Mtoto hapunjwi dawa.

Kwa upande wa kushindwa, mfano mzuri ni AZT, au zidovudini. Jerome Horwitz aliitengeneza Detroit mwaka 1964. Ilikuwa ule ushanga wa tundu moja hasa: mahali pa kuunganishia kipande kinachofuata palikuwa pamewekwa naitrojeni tatu. Kwenye karatasi haikuwa na kasoro. Ilipowekwa kwa panya wenye lukemia haikufanya lolote la maana, ikawekwa pembeni. Miaka 20 baadaye ilijaribiwa kwenye seli zenye VVU ikafanya kazi, na Machi 1987 ikawa dawa ya kwanza ya UKIMWI kuruhusiwa Marekani. Kimeng'enya cha kirusi huikubali AZT kirahisi zaidi kuliko kile kinachonakili DNA yetu. Seli za lukemia hazikudanganyika; kirusi kilidanganyika.

Na mwaka 1993 yakatokea maafa. Dawa ya ukoo huu iitwayo fialuridini ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B, katika taasisi za afya za taifa za Marekani. Wanyama walikuwa wameihimili. Wiki zikapita bila tatizo, kisha maini ya wagonjwa 7 yakaanza kuharibika. Watano walifariki, wawili wakaokolewa kwa kupandikizwa ini. Dawa ilikuwa imeingia kwenye DNA ya mitokondria, viwanda vya nishati ndani ya seli, ambavyo vina DNA yake pembeni. Kisahani cha saa 72 kingeonaje madhara yanayokomaa kwa miezi miwili?

Tenofoviri niliyoanza nayo ilitoka kwa mtu mwingine, Antonín Holý wa Prague, akishirikiana na Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji. Holý aliushika ule ugumu wa fosfeti ya kwanza. Aliibandikia molekuli kitu kinachofanana na fosfeti, akaifunga kwa kaboni badala ya oksijeni, ili vimeng'enya vya mwili visiweze kuikata. Seli iliyopoteza kinasi haiwezi kuigomea dawa ya namna hiyo, maana hatua ya kwanza imekwisha kufanywa. Ndugu za tenofoviri walijaribiwa kwenye seli za lukemia. Mmoja, PMEG, aliziua kwa nguvu, na akawa mkali mno hata kwa seli nzima. Mwingine, PMEA, alipowekwa kwenye seli za K562 zilielekea kukomaa, zikaanza kufanana na seli nyekundu za damu. Hilo ndilo linalonivutia mimi kuliko mauaji: seli iliyogoma kukua inalazimishwa kukua.

Na VVU vimelipa fadhila. Mwaka 2011 watafiti waligundua kwamba protini iitwayo SAMHD1 huvizuia VVU visizaliane kwenye seli fulani za kinga kwa kuvunja malighafi za DNA. VVU-2, aina iliyozoeleka Afrika Magharibi, ina protini yake ya kuiharibu SAMHD1. Mwaka 2017 tafiti mbili zikaonyesha kwamba SAMHD1 huivunja pia sitarabini iliyokwisha kupata fosfeti zote tatu. Wagonjwa wa AML ambao seli zao zina SAMHD1 nyingi huitikia sitarabini vibaya. Watafiti wakachukua ile protini ya kirusi, wakaiingiza kwenye seli za lukemia, na sitarabini ikapata makali.

Protini ya kirusi haiwezi kutundikwa wodini. Huko Stockholm, watafiti wa Taasisi ya Karolinska wakatafuta dawa ambayo tayari ipo na inayoweza kuipooza SAMHD1, wakaikuta hidroksiurea. Wagonjwa wa selimundu na familia zao wanaijua vizuri. Imechunguzwa kwa watoto wa Uganda, Kenya na Kongo, na haina bei ya kutisha. Hidroksiurea inabadilisha akiba ya malighafi za DNA ndani ya seli, na SAMHD1, inayotegemea akiba hiyo ili iwake, inashindwa kuivunja sitarabini kama kawaida. Wasweden wameijaribu kwa wagonjwa wachache wa AML wanaoanza matibabu, hasa kuona kama mchanganyiko unavumilika, na ulivumilika. Kuonyesha kwamba unaongeza wanaopona ni kazi ya majaribio makubwa, yenye kundi linalopata sitarabini bila hidroksiurea. Mpaka hapo mwenye selimundu aendelee na hidroksiurea yake kama alivyoandikiwa, mwenye AML apate siku zake 7 za dripu, na asiwepo wa kuzichanganya mwenyewe kwa sababu amenisikia redioni.